KITULO: MATEMBEZI YA MIGUU KATIKA BUSTANI YA MAUA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nia ya makala hii ni kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi habari za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na jinsi ambavyo baba, mama na watoto, hata walio wadogo, wanaweza kwenda huko kutembea kwa miguu bila kuchoka kupita kiasi. Nimeichagua habari hii kwa kuwa Kitulo ni jirani yetu. Katika bweni letu hapa Iringa tumo wanafunzi wengi wa Iringa, Njombe na Mbeya, lakini waliokwisha kukanyaga Kitulo wahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tukisikia "hifadhi ya taifa" twafikiri simba, tembo na magari ya wageni, kisha twasema mambo hayo ni ya watu wengine. Kitulo haiendewi kwa ajili ya simba. Huendewa kwa ajili ya maua, na maua hayo yamo katika hatari ambayo askari wa hifadhi peke yao hawawezi kuiondoa, kama nitakavyoeleza hapa chini.

1. Mahali ilipo

Kitulo ni uwanda wa juu, wenye nyasi, uliozungukwa na milima ya Poroto, Kipengere na Livingstone. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina urefu wa kiasi cha meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi chafikia meta 2,961. Sehemu moja ya hifadhi imo katika Mkoa wa Mbeya, na nyingine katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Hadi mwaka 2012 Makete ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Kwa hiyo wazee wa Mbeya na wa Iringa wote wana haki ya kuiita Kitulo nyumbani.

Ukubwa wa hifadhi ni kilometa za mraba 412.9. Serengeti yaizidi kiasi cha mara thelathini na tano. Katika ramani za zamani uwanda huu uliitwa kwa jina la Mwingereza Frederic Elton, aliyepita huko mwaka 1877. Wenyeji wao huuita Bustani ya Mungu, na wataalamu wa mimea wameupa jina la Serengeti ya Maua. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na katika nchi za joto za Afrika ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza iliyowekwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea.

2. Vitu vya kuonwa

Aina za mimea zilizohesabiwa Kitulo ni kama 350, na kati ya hizo aina 45 ni za okidi ziotazo ardhini. Kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, uwanda wote hubadilika rangi. Kuna maua ya manjano, meupe, ya zambarau na mekundu. Kuna ua refu lililosimama wima kama mwenge uwakao. Kuna mayungiyungi, mishubiri na lobelia ndefu kupita mtu. Anayekwenda Januari na akarudi Machi huona maua mengine kabisa, kwa sababu kila aina ina zamu yake.

Ndege nao wapo. Tandawala mkubwa hutembea majanini kwa maringo kama mzee wa baraza. Mbayuwayu wa buluu, ambaye amekuwa haba duniani, huja wakati wa mvua kuzaa, na kiota chake hukijenga ndani ya mashimo ya ardhini, kisha huruka kwenda kaskazini, upande wa Ziwa Viktoria.

Katika msitu wa Livingstone, ulio kando ya uwanda, anaishi kima aitwaye kipunji. Habari za mnyama huyu zafaa kufundishwa darasani. Mwaka 2003 watafiti walikuwa wakiwauliza wawindaji na wazee wa Kinyakyusa juu ya wanyama wa Mlima Rungwe, wakatajiwa kima ambaye hakuwamo katika vitabu vyao. Walimtafuta, wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa, Mkoa wa Iringa. Dunia ilitangaziwa habari hizo mwaka 2005, na mwaka 2006 ikathibitika kwamba kipunji ni wa jenasi mpya, wakaiita Rungwecebus. Mpaka leo hajaonekana mahali pengine popote duniani ila katika misitu hii yetu. Wazee walimjua tangu zamani. Waliokuwa hawamjui ni wenye vitabu.

3. Safari na matembezi

Mtu atokaye Mbeya hushika barabara kuu ya Dar es Salaam mpaka Chimala, mwendo wa kilometa 78. Atokaye Iringa hupita Mafinga, Makambako na Igawa, akafika Chimala hiyo hiyo kwa upande wa pili. Hapo huiacha lami na kupanda mlima kuelekea Matamba kwa barabara iitwayo Hamsini na Saba. Jina hilo ni hesabu ya kona zake. Barabara hupanda kama nyoka anayejikunja, na mtu akitazama nyuma huona mashamba ya mpunga ya Usangu yametandazwa chini kama mkeka.

Likizo ya Desemba iliyopita tulikwenda sisi wa nyumbani pamoja na jirani zetu, tukachangia gari la kukodi. Tulikuwa wazee wanne na watoto sita. Tuliondoka Uyole saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka saba, alichukua punje hamsini na saba za mahindi mfukoni ili aitupe moja kila kona. Zilipobaki kumi na tano usingizi ukamshika. Matamba palikuwa na baridi. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye kwao ni kijiji kimoja cha Makete, alikuwa akitungoja pale amevaa koti zito na kofia ya sufu. Tukaamkiana, tukalipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, tukaanza.

Napenda wazazi wajue kwamba matembezi ya Kitulo ni mepesi kuliko yanavyodhaniwa. Ukishafika juu, nchi ni uwanda wa miinuko midogo. Hakuna kupanda kwa mikono, wala miiba mingi, wala joto. Tulitembea polepole kwa muda wa saa tatu hivi, tukipumzika kila watoto walipotaka, tukavuka vijito viwili, tukala chakula chetu juu ya mwinuko. Kitu kimoja tu humsumbua mgeni, nacho ni pumzi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na mtu aliyezoea kukimbia mpira Mbeya mjini atashangaa kuona moyo wake ukienda mbio kwa kupanda kilima kidogo. Dawa yake ni kutokuwa na haraka.

4. Somo la okidi

Tulipokuwa tumeketi, mdogo wangu wa kiume aliona ua la zambarau, akanyosha mkono alichume. Mjomba akamshika mkono taratibu, akamwambia, "Acha, mjomba. Njoo nikuonyeshe kitu." Akapiga magoti, akatuonyesha kwa kidole mahali shina linapoingia udongoni, bila kulichimbua, akatueleza yaliyomo chini yake. Mambo hayo baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia, naye akaniongezea mengine. Haya ndiyo niliyojifunza kwa wote wawili.

Okidi za Kitulo huota udongoni. Chini ya shina huwa na viazi viwili vidogo. Kimoja kimenywea na ngozi yake imejikunja. Hicho ni kiazi cha mwaka jana, na chakula chake kimekwisha kutumika kukuza shina na ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hana haja na kile kilichonywea. Hukitaka kile kilichojaa. Basi anapokichukua, mmea huo hauna mwaka ujao tena.

Pengine mtu atasema, "Si utaota mwingine kwa mbegu?" Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, wala haina akiba ya chakula ndani yake kama punje ya hindi au haragwe. Haiwezi kuota peke yake. Lazima ikutane udongoni na kuvu wa namna maalumu, ambaye huilisha mpaka iweze kujitegemea. Mbegu nyingi hazimkuti kuvu huyo, zikafa. Hata ile iliyobahatika hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Kwa hiyo kiazi kinachochimbwa kwa dakika moja kwa ncha ya jembe ni kazi ya miaka mingi.

Sasa, viazi hivi vyaenda wapi? Vyaenda Zambia. Huko hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Viazi hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, ukachanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili na magadi, ukapikwa mpaka ukashikana kama mkate, kisha ukakatwa vipande. Zamani kilikuwa chakula cha vijiji vya kaskazini ya nchi hiyo. Kisha watu wa mijini nao wakakipenda, okidi za kwao zikapungua, wanunuzi wakavuka mpaka kuja kwetu. Watafiti waliokadiria biashara hiyo karibu na mwaka 2000 walisema kwamba viazi kati ya milioni mbili na milioni nne vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Jambo hilo ni moja ya sababu kubwa zilizofanya Kitulo ilindwe.

5. Maneno ya mjomba

Mjomba alikuwa mmoja wa wachimbaji. Alituambia hivyo pale pale mwinukoni, bila kuficha, na ameniruhusu kuyaandika haya. "Mwaka wa kwanza," alisema, "tulijaza debe kabla ya saa nne asubuhi, karibu na nyumbani. Mwaka wa pili tukawa tunakwenda mbali kidogo. Mwaka wa nne tulikuwa tukilala porini siku mbili, nasi twarudi na nusu debe. Hapo nikajua kwamba kitu hiki kinakwisha. Lakini niliendelea, kwa maana mnunuzi alikuwa akingoja na fedha mkononi."

Baba akamwuliza, "Fedha hizo shemeji ulizifanyia nini?"

Mjomba akamtazama mama, akacheka kidogo. Mama ndiye aliyejibu. "Alinilipia ada ya sekondari," alisema. "Kidato cha kwanza mpaka cha nne. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki. Kaka hakuwa na kitu kingine cha kuuza."

Nimelifikiri sana jambo hili tangu siku ile. Mama yangu alipata elimu kwa viazi vya okidi, na kwa sababu ya elimu ya mama mimi nimefika Kidato cha Nne, na hapa nakaa darasani kujifunza kwamba okidi yafaa kulindwa. Siwezi kumwita mjomba mwovu. Wala siwezi kusema kwamba alilofanya halikudhuru, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeona debe likipungua mwaka hata mwaka. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu anayesema moja tu hajalimaliza somo.

Sheria ilipokuja, mjomba aliacha. Siku hizi analima viazi mviringo na ngano, na ana miti ya matofaa. Asema shida moja imebaki: vijana wa kijijini wanaiona hifadhi kama uzio uliowekwa kwa ajili ya watu wa mbali. Hawajamwona mtu kama wao akija kuitembelea. "Siku watakapowaona ninyi, wa Mbeya na wa Iringa, mmekuja na watoto wenu, mkanunua viazi vyetu na maziwa, mkalala kwetu," alisema, "ndipo watakapoamini kwamba ua hili lililosimama lina bei."

6. Faida kwa wasiokwenda

Hata asiyefika Kitulo maisha yake yote hupata faida yake kila siku. Mvua inyeshayo juu ya milima hii hunywewa na nyasi na udongo wake kama sifongo, kisha hutolewa kidogo kidogo kwa mito. Maji mengi ya Mto Ruaha Mkuu hutoka katika milima ya Poroto na Kipengere. Hushuka Usangu yakanywesha mpunga wa Mbarali, yakapita katika Hifadhi ya Ruaha huku Iringa, yakaingia mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, mwisho yakaungana na Mto Rufiji. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi, hasa kwa sababu ya maji mengi yanayotumiwa mashambani huko Usangu. Kama mto umekwisha kupungukiwa namna hiyo katikati ya safari yake, yatupasa tuulinde zaidi mahali unapoanzia. Wali wa sherehe na taa ya kujisomea usiku vina asili yao huko juu, kwenye nyasi.

7. Mambo ya kufuata

Wale watakaopenda kwenda na jamaa zao, haya yatawafaa:

Kwanza, chagueni wakati. Anayetaka maua aende kati ya Desemba na Aprili, lakini ajue kwamba mvua hufanya barabara ya mlimani kuwa ya utelezi. Anayetaka kutembea mbali bila kulowa aende kati ya Septemba na Novemba. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi kali na ukungu.

Pili, ulizeni habari za kiingilio na waongozaji katika ofisi ya hifadhi huko Matamba kabla ya kufunga safari. Mtanzania hulipa kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa ng'ambo. Walakini viwango hubadilishwa mara kwa mara.

Tatu, vaeni viatu vilivyofungwa na nguo nzito, na kila mmoja awe na koti la mvua. Mtoto alowaye mahali palipo na meta 2,600 hupata baridi upesi kuliko mtu mzima.

Nne, chukueni tangawizi kwa ajili ya wale wanaotapika garini. Kona hamsini na saba si mchezo.

Tano, fuateni mwendo wa aliye mdogo kuliko wote au mzee kuliko wote. Mwenye nguvu atangulie kuona, kisha angoje.

Sita, msichume ua, msichimbue kitu, msiwashe moto, na takataka zenu mrudi nazo.

Saba, nunueni kitu kijijini. Gunia la viazi litawasaidia nyumbani mwezi mzima, na litamwambia mkulima wa Makete jambo ambalo mabango hayawezi kumwambia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini okidi huwa na viazi viwili, na mchimbaji huchukua kipi?
2. Taja tofauti mbili kati ya mbegu ya okidi na mbegu ya hindi.
3. Ni nani waliomjua kipunji kabla ya mwaka 2003? Hilo latufundisha nini juu ya kuwauliza wazee?
4. Eleza njia ya tone la maji kutoka Kitulo mpaka Rufiji.
5. Kijana wa Makete ana mdogo wake aliyefaulu kwenda sekondari, na mnunuzi wa chikanda amesimama mlangoni na fedha. Ungemshauri afanye nini, na wewe mwenyewe ungemsaidia kwa kitu gani? Swali hili halina jibu katika kitabu. Lijadilini nyumbani pamoja na wazazi.